Duara la Saba

Mwalimu Skolastika alipiga magoti sakafuni akachora kwa chaki maduara sita, kila moja kubwa kama ungo. Watoto wa darasa la awali, arobaini na wanane kwa hesabu ya asubuhi ile, walikuwa wamekaa wakiegemea ukuta, kila mmoja kafumbata kitu mkononi au kakificha mfukoni. Jana yake alikuwa amewaagiza: "Kesho kila mtu aje na kitu kimoja anachokula kwao. Kidogo tu. Hata ganda, hata mfupa."

Aliamua hivyo kwa sababu ya chati. Shule yao iliyoko Bweri, pembezoni mwa mji wa Musoma, ilikuwa imeletewa chati nzuri ya rangi yenye picha za vyakula, na kwa wiki nzima Skolastika alikuwa akisimama mbele yake na fimbo ya kuonyeshea. Tatizo ni kwamba vyakula vile havikuwa vya Bweri. Alipoonyesha kipande cha jibini, Fredi, mtoto wa mvuvi, alijibu kwa uhakika kabisa kuwa ile ni sabuni ya kipande. Watoto wengine wote wakakubaliana naye.

Na Skolastika mwenyewe alikuwa na swali lake kuhusu makundi ya vyakula. Alipokuwa mtoto wa shule ya msingi upande wa Butiama, aliimbishwa kuwa makundi ni matatu: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili. Alipofika chuo cha ualimu akaambiwa ni matano. Mwezi wa kwanza mwaka huu, kwenye semina, wakaambiwa ni sita. Alinyoosha mkono akauliza dagaa wenyewe wamebadilika nini tangu yeye azaliwe, mpaka wahamishwe kundi mara mbili. Ukumbi ukacheka. Hakuwa ametania, alikuwa anataka kujua. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto, mtu wa kuuliza, na miaka kumi na minane ya kufundisha haikumtoa tabia hiyo.

Basi siku ile watoto wakaanza kujipanga. Fredi akaweka mfupa wa sato kwenye duara la vyakula vya wanyama. Akaja wa gunzi la hindi, akaja wa punje tatu za maharage, wa kokwa la embe, wa jani la tembele lililokwisha kunyauka mfukoni. Mmoja alileta ganda la yai na kukawa na ubishi mfupi kama yai ni mnyama. Walikubaliana kwamba ni mnyama ambaye hajaamka.

Wa mwisho mwisho alikuwa Ikhlas, binti wa miaka sita, mpole, mwenye hijabu nyeupe iliyozidi kichwa chake. Alifungua kipande cha gazeti akatoa kitu cha kijivu, laini, chenye umbo la kidole. Akapita duara la kwanza, la pili, la tatu, akaenda mpaka la sita, akarudi. Kisha akasimama katikati.

"Madamu, hii inakaa wapi?"

Ilikuwa pemba, ule udongo wa kula ambao wajawazito hununua sokoni. Darasa likaangua kicheko.

"Hiyo ni udongo," Fredi akasema. "Sio chakula."

"Mimi nakulaga," Ikhlas akajibu bila kupandisha sauti. "Madamu alisema tulete tunachokula."

Skolastika alifungua kinywa aseme kuwa udongo si chakula, akakifunga. Mtoto alikuwa sahihi. Katika darasa zima, huyu ndiye aliyefuata agizo neno kwa neno. Akamtazama vizuri, na ni kama alikuwa anamwona kwa mara ya kwanza: midomo iliyopauka, viganja vyeupe kama vya mtu aliyeshinda akifua, macho mazito. Huyu ndiye mtoto ambaye kila siku saa nne alikuwa amelala juu ya dawati, na wakati wa michezo alikaa kivulini akiwashikia wenzake viatu. Skolastika alikuwa akimsifu kwa utulivu.

"Sijui inakaa wapi," akasema.

Watoto wakatazamana. Hawakuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Akachukua chaki, akachora duara la saba karibu na mlango.

"Hapa tutaweka vitu tunavyokula lakini hatujui vinakaa wapi. Tutauliza mpaka tujue."

Ikhlas akaweka pemba yake pale, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Kesho yake duara la saba lilijaa kuliko mengine yote. Watoto walileta mkaa, chaki, mchele mbichi, majivu, dawa ya meno iliyokamuliwa kwenye jani, na barafu ambayo ilifika ikiwa maji. Mmoja alileta kwenye kifuniko cha chupa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda angani kama moshi. Bibi yake huwakaanga. Skolastika alifurahi kuliko alivyofurahi siku nyingi. Walikaa sakafuni wote, wakajadili kimoja kimoja. Wadudu walihamishiwa kwa wanyama baada ya Fredi kuuliza kama wana miguu. Mchele ukaenda kwa nafaka, maana ukiupika si wali? Dawa ya meno ilifukuzwa kabisa. Vikabaki mkaa, chaki, majivu na udongo, na Skolastika akagundua kuwa watoto waliokiri kuvila hivyo vinne walikuwa watano, na wote watano walikuwa wapole.

Siku ya tatu Mwalimu Mkuu, Nicolaus, akamwita ofisini. Alikuwa mtu wa haki, ila hakupenda kushtukizwa.

"Madamu, makundi ya vyakula ni mangapi?"

"Sita, mwalimu."

"La saba limetoka wapi?"

Nicolaus akaeleza kwamba asubuhi ile mzazi mmoja alifika amekasirika. Alimkuta mwanawe analamba ukuta wa nyumba, na alipomuuliza, mtoto akasema madamu ameshafundisha, ni kundi la saba.

"Mimi nilisema tutauliza," Skolastika akasema.

"Mtoto wa miaka sita hajui tofauti ya kuuliza na kuruhusu. Lifute."

Alijua kuwa katika hilo mkuu wake hakukosea. "Nitalifuta leo. Ila naomba uniruhusu nimfuatilie yule mtoto. Ana akili, anasikia anachoambiwa, halafu anakula udongo. Nataka kujua kwa nini."

Nicolaus akavua miwani. "Fuatilia. Ila sio sakafuni mwa darasa langu."

Jioni hiyo Skolastika alifuta duara kwa kitambaa kibichi, akapanda bodaboda mpaka kwa akina Ikhlas. Ilikuwa nyumba mpya ya matofali ambayo haijapigwa lipu, jirani na mashamba ya mihogo. Barazani, juu ya mkeka, vipande vya pemba vilikuwa vimeanikwa kwa mistari. Mama Ikhlas, jina lake Fatu, alikuwa anavigeuza. Biashara yake sokoni ilikuwa viungo, ubani na huo udongo. Mumewe Hashimu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti mjini.

"Karibu mwalimu," Fatu akasema, kisha, kabla mgeni hajakaa: "Najua kilichokuleta. Umekuja kunisema."

"Nimekuja kuuliza, mama Ikhlas. Mimi mwenyewe sijui kitu."

Fatu akamwangalia kama anayepima uzito wa neno hilo. Akamsogezea kiti.

Wakazungumza. Fatu akaeleza kwamba hampi mtoto. Anaona tu gunia linapungua. Na yeye mwenyewe? Akacheka kidogo kwa aibu. Alipokuwa na mimba ya Ikhlas alikula pemba asubuhi na jioni, na mpaka leo mkono unaenda wenyewe. "Mvua ikinyesha ndio usiseme. Ile harufu inaniitaga."

"Na chakula mnakula nini?"

"Kama watu wote. Ugali. Uji. Chai hapa haikatiki, asubuhi, mchana na ugali, jioni. Dagaa tunapika, ila huyu hataki. Anasema wanamwangalia."

Skolastika akaomba kipande kimoja. Alitaka tu kujua mtoto anaonja nini. Akakiweka ulimini, kikanata, kikaanza kuyeyuka polepole, na hapo jambo la ajabu likamtokea: hakuona ugeni wowote. Kinywa chake kilikijua kitu kile. Aliona ukuta mwekundu karibu sana na uso wake, na mkono mdogo unaokwangua. Akatema kwenye leso, akakitazama mpaka Fatu akamuuliza kama anaumwa.

"Hapana. Nimekumbuka kitu, ila sijui ni nini."

Walikubaliana kwenda zahanati Ijumaa asubuhi. Fatu alitoa sharti moja: "Usinisemee mbele za watu. Nitasema mwenyewe."

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Brenda, dada mwenye mikono myepesi. Alimchoma Ikhlas kidole, akasubiri kimashine kidogo, akasoma: saba nukta sita. Akasema mtoto wa umri ule anatakiwa awe na damu kuanzia kumi na moja na nusu. Choo kilipopimwa kikaonyesha minyoo. Fatu akanyoosha mkono wake mwenyewe bila kuombwa. "Na mimi nipime." Yake ikasoma tisa.

"Kwa hiyo udongo ndio umemaliza damu?" Skolastika akauliza.

"Inaweza. Unazuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyo kwenye chakula, na kama haukuchomwa vizuri unakuja na mayai ya minyoo. Lakini kuna upande wa pili, mwalimu. Mtu akipungukiwa damu, mara nyingi ndio anaanza kutamani vitu hivi. Udongo, barafu, mkaa."

"Sasa kipi kinaanza?"

"Hata wataalamu wanabishana. Vinazungukana."

"Na mwili unajuaje kutamani kitu ambacho hakiusaidii?"

Brenda akatabasamu. "Mwalimu, kuna foleni."

Lakini hakuwaacha waende mikono mitupu. Aliwapa dawa ya minyoo na dawa ya maji ya kuongeza damu, akawaambia dagaa, maini, maharage na mboga za kijani visikosekane, na pembeni pawe na ndimu au pera, maana huusaidia mwili kuyachukua yale madini. Na chai?

"Chai ikae mbali na chakula," akasema. "Angalau saa nzima. Mkinywa pamoja, ni kama mnapika chakula halafu mnakifungia kabati."

Njiani Fatu alitangulia mpaka njia panda. Kisha akasema, "Mimi nawauzia wajawazito, mwalimu. Kila siku. Kama mimi nina tisa, wao wana ngapi?"

Kesho yake, Jumamosi, Fatu alikuwa anakwenda Bunda kuchukua mzigo mpya, na Skolastika akaomba kufuatana naye. Hakuwa na shughuli huko. Alitaka kuona unakotoka. Muuzaji wa jumla alikuwa mtaa wa Kabasa, mzee mchangamfu aitwaye Jumanne, ambaye ua wake wote ulikuwa umetapakaa udongo wa rangi tatu: mweupe, wa kijivu na wa kahawia. Alifurahi kupata mtu wa kumuuliza kazi yake. Aliwaonyesha jinsi unavyotwangwa, unavyochekechwa na kuloanishwa, unavyoviringishwa kwa viganja na kuanikwa, na mwisho unavyokaushwa juu ya moto wa kuni.

"Unakaa motoni muda gani?" Fatu akauliza. Miaka sita alikuwa amenunua pale bila kuuliza swali hilo.

"Inategemea. Kuni zikiwepo, mpaka ulie kama chungu ukiugonga. Kiangazi jua linatosha."

"Kwa hiyo ule wa mwezi wa pili..."

"Ule ulikuwa wa jua, mama. Lakini jua la Bunda si unalijua."

Mbuzi wawili walikuwa wanapita katikati ya mikeka. Fatu akawatazama, akatazama kwato zao, akatazama mkeka. Akafunga gunia lake likiwa nusu, akasema siku hiyo atachukua ule uliolia tu.

Wakati wa kurudi, Skolastika alishuka Makutano, akamwacha Fatu aendelee Musoma, yeye akachukua njia ya Butiama. Kile alichokionja barazani hakikuwa kimemwacha. Mtu mmoja tu aliyebaki ndiye angeweza kumwambia: shangazi yake Nyangeta, dada wa baba, aliyemlea tangu alipofiwa na mama akiwa na miaka minne.

Alimkuta shangazi anachambua mboga ya mgagani uani, miguu ameinyoosha. Baada ya salamu na maji ya kunywa, na habari za watoto na za ng'ombe, Skolastika akauliza.

"Shangazi, mimi nikiwa mdogo nilikulaga udongo?"

Nyangeta akaendelea kuchambua. "Nani kakwambia?"

"Ulimi."

Shangazi akaweka ungo chini. "Ukuta wa jiko la mama yako ulikuwa na shimo la kimo chako. Tulikuwa tunaziba, unachimba. Na juu ya shimo lako kulikuwa na lingine, la kimo chake yeye."

"Mama?"

"Mlikuwa mnakula wote wawili, kama ng'ombe na ndama wake kwenye magadi. Sisi tulikuwaga tunawacheka. Alipokuwa na ile mimba ya mwisho akazidisha. Alikuwa akitoka kisimani anakaa chini mara tatu kabla ya kufika. Macho yake ukiyafunua ndani, meupe kama maziwa."

Skolastika alijua kwamba mama yake alikufa akijifungua, na mtoto naye hakupona. Hivyo ndivyo alivyoambiwa sikuzote, kwa sentensi moja, na kwa sentensi ile ile amewaambia wanawe. Hakuwahi kuuliza zaidi. Yeye aliyeuliza kila kitu, hicho hakukiuliza.

"Kilichomuua ni nini hasa, shangazi?"

"Damu. Zilimtoka kama zinavyowatoka wanawake wote, wala hazikuwa nyingi. Mimi nilikuwepo. Lakini yeye hakuwa na za kumwaga."

Kuku alipita kati yao akidonoa majani yaliyodondoka. Nyangeta akamfukuza kwa mkono.

"Mlijua?" Skolastika akauliza, sauti imepungua.

"Tulijua anakula udongo, mwanangu. Hatukujua kwamba ilikuwa ni mwili unaomba kitu kingine. Nani angetuambia? Wanawake wengi walikula, wakazaa, wakapona."

Halafu Skolastika akauliza lililobaki: yeye aliachaje?

"Nilikupakia pilipili ukutani," shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Ulilia siku nzima. Ila hapo hapo baba yako alikuwa amechinja mbuzi wa msiba na wa arobaini, na mimi nilikuwa nakulisha maini na huu mgagani kwa sababu ulikuwa umekonda kama kijiti. Masika yalipoisha ukawa umeacha. Mpaka leo nasema ni pilipili."

"Inawezekana ni maini."

"Inawezekana," Nyangeta akakubali, kama mtu aliyepewa habari ya kufikiria. Akarudisha ungo mapajani. "Ungekuja kuuliza mapema, ningekwambia mapema."

Kabla ya kuondoka Skolastika alizunguka nyuma ya nyumba mahali jiko la mama yake lilipokuwa. Palikuwa na mihogo, imestawi. Alisimama pale muda mfupi. Alitegemea angelia, lakini alichohisi kilikuwa karibu zaidi na kutaka kumshika mtu mkono amwambie, twende tukapime.

Jumatatu alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Nicolaus. Alimweleza yote, na ya mama yake pia, ingawa hakuwa amepanga kulisema hilo. Mkuu alisikiliza bila kumkatiza.

"Wale watoto watano wa duara la saba ni wetu," Skolastika akamalizia. "Na nyumbani kwao kuna mama zao."

"Unataka nini?"

"Kikao cha wazazi wa awali. Na muuguzi aje na mashine yake."

Nicolaus alipekua kalenda ya ukutani. "Alhamisi," akasema. "Na makundi ni sita."

"Sita, mwalimu."

Walikuja wazazi thelathini na kitu, karibu wote wanawake. Skolastika aliweka kando chati ya jibini, akapanga mezani vitu halisi vilivyonunuliwa sokoni asubuhi: dagaa, maharage, matembele, mapera, muhogo, ulezi, karanga, chupa ya mafuta ya alizeti. Alieleza kifupi. Watu walisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza matangazo ya michango. Alipofika kwenye udongo, wanawake wakaanza kutazama vidole vyao.

Ndipo Fatu akasimama. Hakuna aliyemwomba. Skolastika alikuwa ameshika ahadi yake na hakuwa amelitaja jina lake hata kwa fumbo.

"Wengi wenu mnanijua," Fatu akasema. "Mimi ndiye nawauzia. Mwanangu ana damu saba. Mimi nina tisa. Sikuja kuwaambia msile, maana na mimi ulimi bado unaniwasha. Nawaambia mpimwe. Muuguzi huyu hapa, sindano yake haiumi."

Mwanamke mmoja wa nyuma akamuuliza kwa ukali kwa nini basi anaendelea kuuza.

"Ndio ninalojiuliza tangu Ijumaa," Fatu akajibu, akakaa.

Wa kwanza kwenda kwa Brenda alikuwa yule mwanamke wa nyuma. Foleni ikajipanga yenyewe. Mpaka saa saba mchana walikuwa wamepimwa wanawake ishirini na sita na watoto wote wa darasa, na kumi na wawili walipewa barua ya kwenda zahanati. Wawili kati yao walikuwa wajawazito. Mmoja hakuwa amemwambia mtu bado.

Fatu hakuacha biashara siku ile, wala mwezi ule. Lakini alianza kumuuliza kila mjamzito aliyefika mezani kwake, "Umeshapima damu?" Wengine walicheka, wengine walikasirika wakahamia kwa muuzaji mwingine. Mwezi wa tano upande mmoja wa meza yake ulikuwa na dagaa waliokaushwa vizuri na unga wa ulezi, na gunia la pemba lilikuwa limekuwa mfuko.

Nyumbani walihamisha chai. Hilo lilikuwa gumu kuliko dawa, maana Hashimu aliona ugali bila chai ni kama adhabu. Ila alipoelezwa sababu alikubali, akawa wa kwanza kumkumbusha mkewe saa. Ni yeye pia aliyetatua suala la dagaa. Jioni moja alikaa akawakata vichwa mmoja mmoja, akawakaanga bila mafuta, akawatwanga unga. Ikhlas alichunguza ule unga, akauliza macho yameenda wapi.

"Paka amekula," baba akasema.

"Basi sawa." Akala na mchicha uliokamuliwa ndimu, na kesho yake akala tena.

Katikati ya mwezi wa sita Brenda alimpima tena: kumi nukta nne. Skolastika alikuwepo, na aliuliza maswali manne tu. Fatu akasema kwamba wiki tatu sasa hajaona alama ya meno kwenye pemba za mfukoni. Alikuwa amefikiri mtoto anauficha, akamchunguza, hakuna kitu. "Nilimuuliza kwa nini umeacha. Akaniambia, haina tena utamu."

Skolastika aliandika maneno hayo, kwa sababu hakuna kitabu alichokuwa amesoma kilichoyaeleza vizuri kiasi hicho. Na bado hayakumtosheleza. Utamu ule ulikuwa wapi, kwenye udongo au kwenye damu? Alimwandikia Brenda ujumbe usiofaa kujibiwa kwa simu, na Brenda akamjibu kwamba watakaa siku moja wanywe chai walizungumze, chai peke yake, bila chakula.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, saa nne asubuhi, wakati ambao zamani Ikhlas alikuwa amelalia dawati, kelele zilisikika nyuma ya darasa. Ikhlas alikuwa amepanda juu ya benchi, akimwonyesha Fredi namna ya kuruka bila kugusa mstari, na tayari alishamwangushia mwenzake kopo la penseli. Skolastika alimwita mara mbili ndipo akasikia. Alimhamishia dawati la mbele. Kufika saa sita, alikuwa amemhamisha tena.

Jioni Fatu alimkuta getini, amekuja kumchukua mtoto. Alikuwa na malalamiko yake: jana amevunja sahani, juzi amepanda mpera wa jirani, kila dakika anauliza kwa nini hiki, kwa nini kile.

"Mwalimu, huyu mtoto mliyenirudishia mimi simjui. Yule wa zamani alikuwaga ametulia."

"Na mimi simjui," Skolastika akasema, akicheka. "Tutamzoea."

Ikhlas alikuwa ameshatangulia mbele yao kwenye njia ya vumbi, anakimbia, hijabu imemwangukia mabegani, na mama yake akaongeza mwendo kumfuata.